Watu Wazima Wawili Karakanani

Nilipotoka utawani nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, begi moja, na viatu vyeusi vya kufunga kamba. Nilikuwa nimeingia nikiwa na miaka ishirini na moja. Mambo mengi ambayo wanawake wa rika langu walikuwa wameyazoea mimi sikuyajua: kuchagua kitambaa cha gauni, kusuka nywele, kuamka asubuhi bila kengele.

Watu wanapenda kuuliza kwa nini nilitoka, na wengi wanauliza huku jibu wanalo tayari. Sikufukuzwa. Sikuwa na mwanamume. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja niweke nadhiri za daima, na kila nilipopiga magoti kuufikiria mwaka ule nilijiona kama mtu aliyekaa kwenye karamu ya wengine, anatabasamu, anasubiri wamalize ili aombe ruhusa aondoke. Nilimwambia mama mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nisali miezi sita. Nikasali miezi sita, nikarudi na jibu lilelile. Alinikumbatia, akaniombea baraka, na asubuhi iliyofuata dereva wa nyumba yetu alinishusha stendi ya Sumbawanga kabla masista wenzangu hawajatoka kanisani. Ile ya kuondoka bila kuaga ndiyo iliyoniuma kuliko yote.

Nyumbani kwetu ni upande wa Mwimbi. Baba yangu ni katekista wa kigango. Nilifika wakati wa kuvuna ulezi, mama yangu akiwa uani anaanika. Aliniona kwa mbali, akasimama na ungo mkononi. Nilipofika karibu alinitazama kichwani kwanza, pale ambapo shela haikuwepo, kisha akanitazama tumbo. Hakuficha.

"Hakuna kitu, mama," nilimwambia kwa Kifipa.

"Sijauliza," alisema. "Ingia ule."

Baba hakusema chochote siku ile, wala kesho yake, wala wiki ile. Nilimsalimia shikamoo kila asubuhi, akaitikia marahaba kwa sababu hawezi kuacha salamu ikaanguka chini, lakini aliitikia akiwa anatazama jembe au mlango. Jumapili, kwa kuwa padri hakuwepo, aliongoza yeye ibada. Kwenye maombi akawaombea wagonjwa, akaomba mvua za mwaka unaokuja, kisha akasema, "Na wale waliochoka njiani." Kanisa zima likajibu. Nilijibu na mimi.

Nilikaa pale miezi miwili. Nilivuna, nilipura, nilibeba kuni, na jioni nilikaa jikoni na mama bila maneno mengi. Sikuwa mgeni, maana nilijua kila kikombe kilipokaa, lakini pia sikuwa mwenyeji. Wanawake wa kijiji hawakujua waniite nani. Wanawake wa umri wangu wanaitwa mama fulani, kwa jina la mtoto. Mimi walikuwa wameniita sista kwa miaka kumi na miwili, na sasa neno lile likawakwama kooni. Wengine wakaona afadhali wasiniite kabisa.

Tangazo nililiona kwenye ubao wa ofisi ya kata, nilipompelekea mtendaji barua ya baba. Chuo cha ufundi cha Sumbawanga kilikuwa kinapokea maombi. Lilisema vijana waliomaliza kidato cha nne, na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, watu wazima wanaotaka kujifunza fani. Nililisoma mara tatu.

Utawani nilikuwa nasimamia mashine ya kusaga. Ilikuwa kuukuu, kila mara kitu kimekatika, na fundi wa kuchomelea alikuwa anaitwa kutoka mjini. Mimi ndiye niliyemshikia vyuma. Niligeuza uso alipowasha moto, kama alivyoniagiza, lakini alipomaliza nilikuwa wa kwanza kuinama kutazama. Vipande viwili vilivyokuwa mbalimbali sasa ni kimoja, na pale katikati pana mstari wenye mawimbi madogo. Hakuna kazi nyingine ya mikono niliyowahi kuionea wivu.

Msajili wa chuo, mwanamke wa makamo, alikuwa mwema. Alinionyesha orodha ya fani kwa ncha ya kalamu. "Ushonaji upo, dada. Mapishi yapo. Hata utunzaji wa ofisi, mtu kama wewe mwenye kidato cha nne."

"Uchomeleaji," nilisema.

"Ni wewe au unamwandikishia mdogo wako?"

"Ni mimi."

Aliandika. Kwenye nafasi ya hali ya ndoa nilisema sijaolewa. Aliinua macho akatazama vidole vyangu, akaendelea.

Nilipanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mjane aliyekuwa kiziwi kidogo. Kilikuwa na dirisha la mbao linalotazama uwanda, na mwezi wa saba upepo wa Sumbawanga uliingia humo kama umealikwa. Utawani tulikula kimya, wanawake ishirini na saba, ikisikika tu sauti ya msomaji na vijiko. Nilidhani nimezoea ukimya. Lakini ukimya wa kula na watu ishirini na saba si ule wa kula peke yako umekaa kitandani, sahani iko magotini. Wiki ya kwanza nilikuwa nikimaliza kula nabaki nimekaa, nasubiri mtu aseme sala ya shukrani ili niruhusiwe kuinuka.

Darasani tulikuwa kumi na tisa. Kumi na saba walikuwa vijana waliomaliza sekondari, wavulana wote, wenye kelele na wenye afya. Waliniita sista. Siku ya kwanza nilishtuka, nikadhani wananijua. Kumbe wanasema vile wanavyomwita kila mwanamke barabarani: "Sista, mambo?" "Sista, nisogezee hilo bapa la chuma." Sikuwaambia kitu. Nilifundishwa kujibu poa, na nilijibu, lakini lilitoka kinywani mwangu kama ninasoma somo la pili kwenye misa.

Mwalimu wetu, mtu mrefu mwenye kovu la moto shavuni, alisema kila meza ya karakana itakuwa na watu wawili. Mmoja anachomelea, mwenzake anashika na kutazama. Vijana walijigawa kabla hajamaliza kusema. Nikabaki mimi, na kwenye kona ya mbali akabaki mwanafunzi wa kumi na tisa, mzee mmoja aliyevaa koti zito juu ya ovaroli mpya. Akabaki pia kijana mmoja wa ziada, ambaye aliomba awe wa tatu kwenye meza ya rafiki zake, na mwalimu akamruhusu.

Nilimwendea yule mzee. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu." Ni neno la Kisukuma, mama. "Naona wametubakiza."

"Wametubakiza."

"Basi tutafanya kazi."

Alikuwa anatoka Milepa, chini bondeni, kwenye joto. Familia yao ilihama na ng'ombe kutoka kaskazini yeye akiwa tayari na watoto wakubwa. Walifuga, walilima mpunga, walikuwa na mikokoteni mitatu. Sasa mke wake alikuwa amefariki, wanawe ndio waliokuwa wakiamua ng'ombe waende wapi, na yeye alikuwa amebaki kukaa. Alinieleza hayo siku ya pili tukiwa tumekaa kwenye tofali nje ya karakana, tunakunywa chai na mihogo ya kuchemsha.

"Kule kwetu plau ikivunjika unaipandisha mlimani mpaka huku mjini," alisema. "Nikawaambia wanangu nataka kujifunza kuunga vyuma. Wakacheka. Wakasema baba, kaa upumzike. Mayu, mimi nimechoka kupumzika. Ukikaa sana watu wanaanza kukuzunguka kama kisiki, hawakuoni tena."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Sikuwahi kumweleza nilikotoka. Aliniuliza mara moja tu kama nina watoto, nikasema sina, akasema, "Haya," akanipa kipande kikubwa cha muhogo.

Kusoma hakuweza vizuri. Kwa hiyo masomo ya nadharia nilimsomea mimi, mchana, sauti ya chini: aina za vyuma, kiasi cha moto, hatari za moshi na mwanga. Alikuwa anashika kila kitu kichwani. Nikisoma mara moja, kesho ananirudishia. Na kwenye vitendo yeye ndiye aliyenifundisha mimi. Mshono wangu ulikuwa mabonge. Niliwasha, kijiti cha kuchomelea kikaganda kwenye chuma, nikakivuta kwa nguvu, vijana wa meza ya jirani wakacheka. Nikawasha tena, kikaganda tena.

"Usitazame," mzee aliniambia. "Sikiliza."

"Mwalimu kasema tutazame ule uji wa chuma."

"Mwalimu ana njia yake. Wewe sikiliza. Ikilia kama samaki anakaangwa, iache iende. Ikipiga kelele, umeinua mkono. Ikinyamaza, umezamisha."

Nilishusha ngao usoni. Ndani ya ngao kuna giza, na mwanga mmoja mdogo wa kijani. Nikaacha kuhangaika na mwanga, nikasikiliza. Kelele. Nikashusha. Kimya. Nikainua kidogo. Kisha ikaja sauti ile, ya mafuta yaliyoiva, nikaifuata polepole mpaka kijiti kikaisha. Tulipogonga yale mavi ya chuma yanayofunika juu, chini yake palikuwa na mstari. Haukunyooka sana, lakini ulikuwa na mawimbi.

"Umeona?" alisema, na akapitisha kidole chake juu ya mshono, kutoka mwanzo hadi mwisho, kabla haujapoa vizuri.

Ni kidole kile kilichonifanya nianze kufikiri. Alikuwa anagusa kila kitu. Kabla ya kuchomelea alipapasa pembe za chuma. Mashine alikuwa anaizungusha kitasa cha kuongeza moto kwa kuhesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Nikimpa karatasi aione, anaishika vizuri, anaitikia kwa kichwa, anasema, "Nisomee, mayu, wewe una sauti nzuri." Jicho lake la kushoto lilikufa zamani, alichomwa na mwiba akichunga. Siku moja jua likimpiga usoni niliona kwamba la kulia nalo lina ukungu mweupe katikati, kama tone la maziwa.

Nilimuuliza.

"Pembeni naona," alisema. "Katikati ndiyo shida. Nikimwambia mwalimu atanirudisha nyumbani. Na nyumbani nimeshasema ninasoma."

Nikakaa na siri ile kwa wiki sita. Nilikuwa nasimama upande wake wa kulia, namwambia, sogea, rudi, umefika mwisho. Meza yetu ikawa nzuri kuliko zote. Mwalimu alipita akashika fremu yetu ya dirisha, akaigeuza, akasema mbele ya wote, "Tazameni watu wazima wanavyofanya kazi." Mchana ule tulicheka sana. Tangu nitoke utawani sikuwa nimecheka na mtu kwa namna ile, na niliporudi chumbani nilijikuta nimepika chakula cha watu wawili.

Halafu tukaanza kutumia grenda, mashine yenye jiwe la mviringo la kukatia vyuma. Wanaoijua grenda wanajua, ile haina huruma na kidole. Mara ya kwanza niliisukuma mikono yake nikakata mimi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu niligeuka kuchukua bomba la mraba, nikasikia inaunguruma, nikageuka, jiwe linazunguka na mkono wake wa kushoto uko mbele yake, unapapasa kutafuta alama ya chaki. Nilipiga yowe. Alizima. Glovu yake ilikuwa imechanika kwenye kidole cha shahada, na ndani kidole kilikuwa na mkwaruzo mwembamba, damu kidogo tu.

Mwalimu alikuja, akatazama glovu, akamtazama mzee, kisha akaniambia, "Wewe, njoo nje."

Tulisimama kwenye upepo, karibu na tenki la maji.

"Yule mzee anaona?"

Kwa miaka kumi na miwili nilifundishwa kusema kweli, hata ile inayonigharimu. Lakini sitaki kujisingizia utakatifu. Siyo ukweli ule ulionisukuma. Ni glovu. Niliona mkono wake bila kidole.

"Haoni vizuri," nilisema.

"Tangu lini umejua?"

"Wiki sita."

Alitikisa kichwa. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Alimwita mzee pembeni, akanyanyua vidole, akamuuliza ni vingapi. Niliwaona kutoka mlangoni. Mzee alijaribu mara mbili, kisha akashusha kichwa na kuvua ngao iliyokuwa bado juu ya paji lake, akamkabidhi mwalimu kwa mikono miwili.

Chuo hakikumfukuza. Walimwambia akatibiwe macho, mtoto wa jicho anatolewa hospitali, kisha arudi. Lakini hakukaa hata wiki imalizike. Asubuhi iliyofuata nilimkuta kwenye tofali letu, amevaa koti lake, begi liko miguuni.

"Ulimwambia wewe?" aliniuliza.

"Nilimwambia, mzee. Nisamehe."

Aligeuza uso pembeni kidogo. Nilijua sasa kwamba ndivyo anavyoniona, kwa upande wa jicho.

"Haya," alisema.

"Utarudi? Wakikutibu?"

"Tutaona."

Nilimsindikiza stendi nikiwa nimembebea begi. Gari la Milepa lilikuwa tayari linajaza. Alipanda, akakaa dirishani upande wa pili, na mimi nikazunguka gari zima ili nimpungie mkono. Sijui kama aliniona.

Hakurudi. Namba yake ya simu ilikuwa ya mwanawe, na mara mbili nilizopiga nilijibiwa kwamba mzee yuko machungani. Mara ya tatu haikupatikana. Meza yetu nikabaki nayo peke yangu. Mwalimu alitaka kuniweka na vijana, nikaomba nibaki. Nilishikiza vyuma kwa jiliwa, nikachomelea, nikagonga, nikapapasa. Niliposema nimefika mwisho, nilisema kwa mazoea, na hakuna aliyekuwa akisubiri kuambiwa.

Mafunzo ya kazini nilipelekwa Namanyere, kwa fundi mmoja anayetengeneza mageti. Miezi mitatu ile sina mengi ya kuyasema. Wateja walinipita wakamtafuta fundi, wakiambiwa mimi ndiye, wakasema watarudi. Wengine walirudi. Siku moja macho yaliniungua na mwanga kwa kosa langu mwenyewe, yakawa kama yamejaa mchanga, nikalala mchana kutwa na vipande vya kiazi kibichi juu ya kope kama wanavyofanya mafundi wa huku. Katika kulala vile nilitambua kwamba hakuna mtu mjini pale anayejua kuwa ninaumwa. Siyo kwamba hawakujali. Hawakujua tu. Nililia, machozi yakaniwasha zaidi, nikaacha.

Cheti nilikipata. Vijana walikuja na mama zao, dada zao, mashada ya maua ya plastiki shingoni. Mimi nilikuwa nimempigia mama simu. Alisema njia ni mbaya na baba ana semina ya makatekista. Kisha akashusha sauti akasema, "Mwanangu, hongera." Mwalimu alinipiga picha kwa simu yake, nimesimama karibu na tenki la maji. Ninayo mpaka leo. Nimekishika cheti kama mtu anayeshika sahani ya sadaka.

Sasa nina banda langu Sumbawanga, njia ya kutokea mjini. Nina miaka mitano pale. Kazi si haba: vitanda, madirisha, madawati ya shule. Wanaume wanaleta plau bila kuuliza fundi yuko wapi. Wananiita fundi, na neno hilo halikunisumbua kulizoea, kwa sababu halina ndoa ndani yake wala utawa.

Mwaka juzi niliitiwa kazi na nyumba ya watawa. Nyumba yetu ileile. Mama mkuu mpya hakunifahamu. Aliambiwa tu kuna fundi mwanamke anayefanya vizuri. Ningeweza kukataa. Nilipima madirisha kumi na nne ya bweni jipya la wanovisi, wale wanaoanza utawa, nikatengeneza fremu zake na nondo bandani, nikaenda kuzifunga mwenyewe. Masista wawili wa zamani walinitambua, wakaja wakanishika mikono, wakanitazama ovaroli, wakauliza habari za wazazi. Kengele ikalia. Wakaachia mikono yangu katikati ya sentensi na kwenda, kama nilivyokuwa nikienda mimi. Mchana sista kijana, ambaye hanijui, alinikaribisha kwenye chumba cha wageni. Alitandika kitambaa, akaniletea wali, maharage na kikombe cha maziwa, akasema, "Karibu, fundi," akafunga mlango taratibu. Kupitia ukutani niliwasikia wanaanza sala ya chakula. Nilisimama nikaisali nao mpaka mwisho, kwa sauti ya chini, kisha nikakaa nikala.

Nilimaliza madirisha siku mbili baadaye. Yote kumi na manne yanafunguka.

Mwezi wa nane mwaka huu niliamua kwenda Milepa. Sikuwa na kazi kule. Nilifunga banda siku ya Alhamisi, nikapanda gari la asubuhi. Unapoanza kushuka ukingo wa uwanda masikio yanaziba, sweta linakuwa adui, na chini unaona bonde limelala, jeupe kwa vumbi. Nilishuka senta nikaulizia nyumba ya yule mzee wa Kisukuma wa jicho moja. Nilielekezwa mpaka kwenye boma la miiba, na ndani ya boma hapakuwa na ng'ombe. Nyumba mbili zilikuwa zimeezuliwa mabati. Mama mmoja wa nyumba ya jirani alikuwa anatwanga mpunga, akauacha mchi kinuni.

"Walihama," alisema baada ya salamu. "Baada ya mavuno. Malisho yameisha huku. Wameelekea Katavi, mbali huko, hata sisi hatupajui."

"Na mzee?"

"Naye wamekwenda naye. Alikaa juu ya mkokoteni, anawaelekeza njia." Alitabasamu. "Anaona kidogo siku hizi. Binti yake alimpeleka Mbeya wakamtoa ule uchafu wa jicho. Aliporudi alikuwa anakera kila mtu, anasoma vibao vya maduka herufi moja moja."

"Alikuwa anachomelea?"

"Heee! Huyo? Tangu umeme ufike senta alikuwa hatoki kwa kijana mwenye mashine. Hata huu mkokoteni wetu, kaunga yeye."

Ulikuwa umeegemea mti, mikono yake iko juu. Niliinama nikautazama ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu. Mshono ulikuwa umepita chini yote bila kukatika, umepakwa vumbi. Niliupapasa kwa kidole. Yule mama alinitazama ninavyofanya.

"Samahani," alisema, "wewe ni nani wake?"

Nilifikiri. Kila jibu lililonijia lilikuwa la uongo kidogo.

"Nilisoma naye," nilisema.

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Ulisoma na yule mzee?"

"Darasa moja. Meza moja."

Aliendelea kucheka, lakini kwa wema, na mimi nikacheka naye. Kisha akaniambia magari ya kurudi Sumbawanga hayapiti mpaka saa tisa, jua ni kali, niingie ndani. Akaleta wali na samaki kwenye sinia moja, akaketi mkekani upande wa pili, akanisogezea mnofu. Tulikula pamoja mpaka sinia likaisha. Hakuniuliza jina, wala mimi sikumuuliza la kwake.